Mashine Ina Mtu

Kila mwaka mpya kaka yangu hunitumia ujumbe uleule: "Dada, mwaka huu jipende. Jitunze. Wewe kwanza." Anauandika akiwa kwenye kiti chake cha ofisini, kile kinachozunguka, halafu anarudi kwenye mambo yake. Mimi nausoma nikiwa nimepiga magoti sakafuni, mkono mmoja umeshika simu, mwingine unahangaika na kiatu cha mama kisichotaka kuingia. Jipende, eti. Na huu mguu wa mama ataupenda nani?

Sisemi kaka yangu ni mtu mbaya. Hela analeta, simu anapiga, na ingawa mimi ni mdogo wake, ananiita dada kwa heshima. Lakini kuna watu wanaosaidia kwa mdomo, na yeye alikuwa bingwa wao. Redio nayo ikaja kumuunga mkono. Wiki nzima ya mwisho wa mwaka mtangazaji mmoja mwenye sauti ya kubembeleza alitufundisha sisi tunaowaangalia wazee nyumbani namna ya kujitunza: washa mshumaa, jilaze kwenye maji ya vuguvugu, funga macho. Nilicheka peke yangu jikoni. Nyumbani kwetu ukifunga macho, ukiyafungua mama yuko barabarani. Na ukithubutu kuwasha mshumaa atakuuliza nani amekuruhusu kuleta moto karibu na mapipa ya mafuta.

Mama yangu alikuwa msimamizi wa zamu kwenye kiwanda cha sabuni. Si msimamizi wa kuzunguka na kalamu sikioni. Alianza kwenye mashine ya kukata, ile inayopokea miche ya sabuni ikiwa bado laini na kuikata vipande sawasawa, akapanda mpaka wanaume wenye ndevu zao wakawa wanatupa sigara wakisikia tu viatu vyake. Walimpa jina la Bi King'ora. Katika zamu ya Bi King'ora hakuna mtu aliyewahi kupoteza kidole, na ukilisema hilo mbele ya yeyote aliyefanya kazi pale, atatikisa kichwa na kukuongezea hadithi nyingine. Mimi aliniingiza kazini nikiwa msichana mbichi, na hakunionea huruma hata siku moja. Nilijifunza kazi kwa kukemewa, na nilijifunza vizuri.

Sasa ugonjwa wa kusahau umemchukulia karibu kila kitu. Jina langu lilikwenda zamani. Ananiita "binti," na siku nyingine "wewe wa mashine ya kukata." Kazi ndiyo haikwenda. Huamka kabla ya jua akitafuta ovaroli, nami nasimama mlangoni kama bawabu nikimwambia kiwanda kimefungwa, mitambo inatengenezwa.

"Inatengenezwa na nani?"

"Na mafundi, mama."

"Mafundi gani hao wanafungua mashine zangu mimi sipo?"

Nampa chai.

Mwishowe nikamtafutia kazi. Nilisogeza meza chini ya dirisha la sebuleni, nikamwekea vipande vya sabuni vya kweli, vyenye harufu na kona zake. Anavipanga, anavipitisha kidole pembeni, kilichochongoka vibaya anakitenga, kisha anavipangua na kuanza upya. Siku nzuri hufanya hivyo asubuhi nzima huku akiimba. Wapo wanaosema namdanganya mama wa watu. Waje wakae naye kutwa moja, ndipo tuongee. Akiwa pale mezani mgongo wake unanyooka, na mimi naringia meza ile kama watu wanavyoringia gari.

Tatizo lilikuwa mlango. Niliacha kazi miaka mitatu iliyopita ili nimwangalie, na tangu hapo, kila nikivaa viatu vya kutokea, mama huinuka mezani, huja na kunishika mkono wa blauzi, akasimama kati yangu na mlango.

"Huwezi kuondoka," anasema.

Halii. Habembelezi. Anasema kwa amri. Nimwambie naenda dukani tu, jirani atakaa naye, "Huwezi kuondoka." Nimwapie kwamba narudi sasa hivi, "Huwezi kuondoka." Nikijichomoa ananifuata pekupeku mpaka njiani. Basi nikawa natoka akiwa amelala, kwa mlango wa nyuma, nimeshika viatu mkononi kama mwizi, nanunua mboga mbiombio bila hata kuchagua. Nikajiambia mama anaogopa kuachwa, hana mwingine ila mimi. Na mtu akikuhitaji kiasi hicho, unaanzaje kumwambia unakwenda kujifurahisha?

Mwili ndio ulioanza kulalamika. Nilimpeleka mama kliniki, muuguzi akampima, akamaliza, kisha bila kuniuliza akanifunga mimi ule mkanda wa presha. Akatazama mashine, akanitazama mimi.

"Mama anaendelea vizuri," akasema. "Anayenitia wasiwasi ni wewe."

Nilimjibu hovyo. Kiwandani waliniita Pilipili, na jina lile halikuokotwa barabarani. Yeye hakukasirika, labda amezoea watu wa aina yangu. Akaniuliza ni lini mara ya mwisho nilifanya kitu kwa sababu tu nakipenda. Nikafikiri weee, halafu nikasema, "Kamba."

Ilibidi nimweleze. Kila siku ya mwaka mpya kiwanda hufanya michezo kwenye uwanja nyuma ya ghala, na mchezo unaojaza watu ni wa kuvuta kamba, mabinti wa sasa dhidi ya wanawake wa zamani, wawe bado kazini au wameshaacha. Mimi nilikuwa mtu wa mwisho wa kamba. Huyo ndiye anayeizungusha kiunoni, akachimbia visigino chini na kulala nyuma. Wenzake wote wanavuta. Wa mwisho kazi yake ni kukataa tu, na kwa kukataa sijaona wa kunifikia. Nilipokuwa pale nyuma hakuna kamba iliyonipita. Tangu niache kwenda, wa zamani walikuwa wanaburuzwa kila mwaka, aibu tupu, na nahodha wetu, mama mmoja mnene wa idara ya kufungasha, magoti yanamuuma lakini mdomo haumuumi, alikuwa akinipigia simu kunisuta.

"Basi hiyo ndiyo dawa yako," muuguzi akasema. "Nenda ukavute kamba. Ukija tena hapa nitakuuliza."

Nikampigia kaka. Sikumwomba, nilimwambia: mwaka mpya unakuja kukaa na mama mpaka nirudi.

"Dada, unajua kazi zangu..."

"Ofisi imefungwa mwaka mpya."

"Sasa mimi haya mambo ya kumlisha, sijui kumpeleka chooni, nayajulia wapi?"

"Mimi nilizaliwa nayajua?"

Akaja. Siku yenyewe, asubuhi, alisimama mlangoni na shati jeupe, keki kwenye boksi, na uso wa mtu anayeingia kwenye chumba cha mtihani. Nikamwambia ajikaze kisabuni. Hakucheka. Nikamwonyesha dawa, taulo na nguo za kubadilisha, naye akawa anaitikia ndiyo, ndiyo, huku macho yanakimbilia mlangoni. Mama alikuwa mezani kwake, ametulia, anapanga.

Nilivaa suruali yangu ya kazi ya zamani na buti. Suruali ilinibana mpaka nikaona haya, lakini ilifungika. Kutoka uwanjani, mtaa wa pili tu, zilikuwa zinasikika spika zikijaribiwa. Nahodha alikuwa ameshapiga: king'ora kikilia timu zinaingia uwanjani, na nisipokuwepo wataanza bila mimi na wataburuzwa bila mimi. Nilikuwa na hamu ya kwenda mpaka mikono ikaniwasha. Sijui nielezeje. Ilikuwa miaka sijataka kitu namna ile.

Mama akaziona buti. Akaacha sabuni, akaja, akanishika mkono wa blauzi.

"Huwezi kuondoka."

"Mama, mimi nipo," kaka akasema kutoka katikati ya sebule, mikono mifukoni. "Mwache aende. Mimi nipo hapa."

Mama akamtazama kuanzia viatu vyake vya kung'aa mpaka juu. "Wewe nani?"

"Mwanao, mama."

"Sikukuuliza ukoo. Nakuuliza uko hapa kufanya nini."

Kaka akatazama viatu vyake. Huyo ni mtu ambaye ofisini wakimwona wanasimama. Akanigeukia polepole. "Unaona, dada? Hataki. Pengine uahirishe tu, mwakani tutajipanga mapema."

Hasira ikanipanda, na ilipofika juu ikageuka machozi. Nilikaa kwenye kiti nikaanza kufungua kamba za buti. Mwanamke mzima, na wajukuu ninao, nalilia mchezo. Lakini sikuwa nalilia mchezo tu. Nilikuwa nimeona mwaka mzima unaokuja, na mwingine nyuma yake, nikinyemelea mlango wa nyuma na viatu mkononi mpaka siku presha ile itakaponiangusha, na hapo ndipo mama atakosa mtu kwelikweli.

King'ora kikalia.

Siku hizi hakilii siku za kawaida. Wanakipiga mwaka mpya tu, kufungua michezo. Miaka iliyopita kikilia mama alikuwa anasimama wima mezani pake, anangoja, nami nilidhani kimemshtua. Mara hii alinyooka vilevile, lakini mkono wake ulikuwa umeshika blauzi yangu. Akaniinamia pale nilipokuwa nimejikunyata na kiatu, akaniuliza, kwa sauti yake ya kazini, bila ukali wowote:

"Binti, nani anakupokea?"

Vidole vyangu vikakwama kwenye kamba ya kiatu.

Zamani, kabla ya kadi, zamu ilikuwa inakabidhiwa kwa mkono. Mama mwenyewe ndiye aliyeweka utaratibu ule, baada ya siku moja kukuta mashine inazunguka na hakuna mtu. Anayetoka haondoi mkono kwenye mashine mpaka anayeingia ameweka wake. Anayetoka anaeleza hali ya mashine: wapi pana moto, wapi panakwama, nini kiangaliwe. Anayeingia anasema, "Nimepokea." Msimamizi anasema, "Toka." Na ukishatoka umetoka, usirudi kugusa hata ukiona nini, maana ukirudi umemdharau mwenzako. Nilifanya hivyo ujana wangu wote. Halafu zikaja kadi, unagusisha ukutani kinalia kitu, unakwenda zako, na ule utaratibu ukafa. Mama mgonjwa wa kusahau aliukumbuka. Mimi mwenye akili zangu ndiye niliyesahau.

Miaka mitatu nilidhani ananiomba nisimwache. Wala. Mama hakuwa anaogopa chochote. Alikuwa kazini, na mfanyakazi wake alikuwa anataka kuacha mashine bila mtu.

Nikafunga buti zangu na kufuta uso.

"Kaka, njoo hapa mezani."

"Kufanya nini?"

"Njoo. Toa mikono mfukoni."

Niliweka kiganja changu juu ya meza, pembeni ya sabuni. Mama akaniachia blauzi. Akaja akasimama kwenye kichwa cha meza, mikono nyuma, kidevu juu, na nakuapia nilimwona Bi King'ora mzima mzima.

"Hali ya mashine," nikasema. "Asubuhi goti la kushoto linakaza, usiliharakishe. Chai haipendi moto, iwe vuguvugu. Ikitaka chooni haisemi, inavuta kitambaa cha meza, ukiona hivyo usingoje. Ikiuliza baba yuko wapi, usiseme amekufa, maana italia upya kama imesikia leo. Sema yuko zamu nyingine."

Mama alikuwa anaitikia kwa kichwa kila neno, kama anavyosikiliza msimamizi. Kaka alianza kuelewa nazungumzia nini. Macho yakamjaa maji.

"Ikiimba iache iimbe," nikaendelea. "Ikinyamaza sana, itoe juani. Usiiinulie sauti, haikuzoea. Ni mashine nzuri. Haijawahi kumuumiza mtu."

"Nimepokea," kaka akasema.

"Hujaweka mkono," mama akasema.

Akauweka, ule mkono wake wa ofisini, kando ya wangu. Mama akauinamia, akaukagua kucha, akagonga saa yake kwa kidole. "Vua. Ikinasa kwenye mashine itaondoka na mkono wako." Kaka akavua saa, akaitia mfukoni, akarudisha mkono mezani.

"Nimepokea," akasema tena, na mara hii alimaanisha.

Mama akanigeukia. "Toka."

Nikapiga hatua kuelekea mlangoni, nikakumbuka. "Kaka, ile dawa ya mchana asinywe kabla ya—"

"Wewe," mama akanikatiza. "Mashine ina mtu."

Nilitoka kwa mlango wa mbele, mchana kweupe, na viatu vyangu vikiwa miguuni.

Nilikimbia mtaa wote. Nahodha aliponiona alinitolea macho, akasema nimechelewa. Nikamwambia nilikuwa nakabidhi zamu, naye akanitazama sana, maana yeye pia ni wa enzi zile, kisha akanisukumia mwisho wa kamba bila kuuliza zaidi. Nikajizungushia kiunoni. Upande wa pili walikuwa mabinti wa sasa, mikono imejaa nguvu, wanatucheka waziwazi wakituita bibi. Filimbi ikalia. Walituvuta kwa pupa, wenzangu wakaanza kuteleza, nahodha akaanza kutukana kwa sauti ya chini, na kamba ikafika kwangu na uzito wa watu wote. Nikalala nyuma. Nikachimbia visigino. Miaka mitatu nimeinua mwili wa mtu mzima kutoka kitandani, bafuni, kwenye kiti, kila siku iendayo kwa Mungu. Nani aliwaambia wale watoto kwamba nimekaa bure nyumbani? Kamba ilisimama. Ikakaa imesimama mpaka nikasikia mmoja wao anasema, "Yule nani kule nyuma?" na ndipo wenzangu wakapata pumzi na kuanza kuvuta.

Tuliwaburuza. Sitaipamba habari hii, wala haihitaji: tuliwaburuza mpaka wakaangukiana matopeni, na nahodha wetu alicheza kwa magoti yale yale anayoyalalamikia. Nilitaka kukimbia nyumbani saa ileile. Akanishika bega akanikalisha. "Umepokelewa, hukupokelewa?" akauliza. Nikasema nimepokelewa. "Basi kunywa soda." Nikanywa, na nikacheka mpaka mbavu zikaniuma.

Niliporudi nilibisha hodi kwenye mlango wangu mwenyewe. Mama ndiye aliyefungua. Nyuma yake kaka alikuwa amekunja mikono ya shati, na lile shati jeupe lilikuwa na madoa ya chai kifuani na maji ya bafuni mpaka kwenye mkanda. Keki ilikuwa imekatwa vipande sawasawa, imepangwa mezani pamoja na sabuni.

Mama akaangalia tope kwenye suruali yangu. "Zamu yako si imekwisha?"

"Imekwisha, mama."

"Sasa unarudi kugusa nini?"

Nikamtazama kaka anisaidie. Alikuwa amechoka, nywele zimesimama, na uso wake ulikuwa na kitu ambacho sijakiona tangu tukiwa wadogo. Alikuwa anaringa. "Umemsikia msimamizi," akasema. "Zamu yako kesho. Jumamosi ijayo naingia tena mimi." Mama akafunga mlango.

Nikakaa kizingitini. Nilivua buti, viganja vinawaka moto kwa kamba, na jua lilikuwa zuri. Dirisha la meza liko juu ya kizingiti palepale, na lilikuwa wazi.

"Nimepanga sawa, mama?" kaka aliuliza.

"Bado. Una haraka wewe." Nikasikia vipande vikisogezwa. "Mwangalie yule aliyetoka. Yule hajawahi kuniachia mashine bila mtu. Hata siku moja. Yule nilimfundisha mwenyewe."

"Anaitwa nani, mama?"

Sabuni zikaacha kusogezwa.

"Jina limenitoka," mama akasema. "Lakini yule ni wangu."

Nilitamani kuinuka niingie nimkumbatie. Sikuinuka. Nilinyoosha miguu juani nikapumzika, kama nilivyoagizwa.